Tumbawe si jiwe: kwa watoto wetu walioko bara

Mwezi uliopita nilikuwa Ngong kwa dada yangu, aliyehamia huko na mumewe kwa ajili ya kazi. Mwanawe wa miaka mitano akanionyesha kipande cheupe juu ya televisheni. "Mjomba, hili jiwe la baharini." Nikaona haya, maana niliyekiokota ufuoni na kumletea ni mimi, wala sikumweleza kitu.

Tumbawe ni mnyama. Tuseme ni maelfu ya wanyama wadogo walioshikana, kila mmoja na mdomo wake na vijikono vya kunasia chakula, wakajijengea nyumba ya chokaa. Mwilini mwao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaowapa chakula na rangi. Maji yakizidi joto mwani huo hutoka, tumbawe likapauka. Joto likidumu, hufa. Ndiyo yaliyotufika Pwani mwaka 1998.

Mtoto wa bara mweleze kwa anavyovijua. Huyu wangu kila siku huona mbuzi wakipita kwenda malishoni. Nikamwambia pono ndiye mbuzi wa mwambani: hukwangua mwani kwa meno yake magumu, akameza na chembe za tumbawe, kisha akanya mchanga. Ule mchanga mweupe anaochezea akija likizo, sehemu yake ni mavi ya pono. Alicheka hadi akalala chini. Mamake hakufurahi sana, lakini somo liliingia.

Akija Pwani, ngojeni bamvua, karibu na tarehe mosi au kumi na tano ya mwezi wa Kiislamu. Maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mvisheni viatu, mpitisheni kwenye madimbwi ya mchangani aone kaa, kiti cha pweza na jongoo bahari. Atazame kwa macho tu, kwani kuna miiba, na kome wengine wana sumu kali. Asikanyage tumbawe hai: yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Asiyejua kuogelea apelekwe hifadhi za Malindi au Watamu, zilizoanzishwa 1968, apande mashua yenye kioo chini. Humo kuokota hata kombe ni marufuku.

Kile kipande bado kiko juu ya televisheni. Mpwa wangu huwaambia wageni ni nyumba ya mnyama, nao humbishia.