Mkutano Mkuu wa Kijiji: Mahali Mwananchi Anapoanza Kushiriki Siasa ya Nchi Yake

Wananchi wengi wanaposikia neno siasa hufikiria majukwaa ya kampeni, bendera za vyama na foleni ya siku ya kupiga kura. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inalipa jambo hili maana pana zaidi. Ibara ya 8 inatamka kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa lake. Haki hiyo haisubiri uchaguzi ujao. Kwa mkazi wa kijijini, chombo kilicho karibu zaidi cha kuitumia ni Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Chombo hiki kina historia yake. Mwaka 1972 mamlaka za serikali za mitaa zilivunjwa kufuatia mpango wa Madaraka Mikoani. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya kuandikisha vijiji na vijiji vya ujamaa, ambayo iliwapa wakazi wa kijiji kilichoandikishwa mkutano wao na halmashauri yao. Bunge liliporejesha serikali za mitaa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, mkutano wa kijiji uliendelea kutambuliwa na sheria hiyo ndiyo inayotumika hadi sasa, pamoja na marekebisho yake.

Nani ni mjumbe

Kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyetimiza umri wa miaka 18 ni mjumbe wa Mkutano wa Kijiji. Hakuna ada ya kujiunga, wala hahitaji kuwa na kadi ya chama au barua ya utambulisho kutoka kwa kiongozi. Mjane anayelima nusu ekari, kijana aliyemaliza darasa la saba, mwalimu aliyehamia na mfugaji mwenye boma lake wanaketi pale kwa haki iliyo sawa.

Sheria inautaja mkutano huu kuwa ndio mamlaka ya juu katika masuala yote ya sera ya kijiji. Ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na ndio wenye mamlaka ya kuwaondoa wajumbe hao. Kwa maneno mengine, Mwenyekiti wa Kijiji na Halmashauri yake huwajibika kwa watu waliokusanyika uwanjani. Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye katibu wa vikao na mtunzaji wa kumbukumbu.

Mkutano hufanyika kila inapohitajika, na kwa vyovyote vile usipungue mara moja katika kila miezi mitatu. Hivyo mkazi anayo haki ya kutarajia mikutano isiyopungua minne kwa mwaka.

Mambo yanayoamuliwa

Jambo la kwanza ni fedha. Katika mkutano wa kawaida, Halmashauri ya Kijiji husoma taarifa ya mapato na matumizi. Mwananchi anayetaka kushiriki kwa manufaa aje na maswali mahususi: kiasi gani kilikusanywa, kutoka vyanzo vipi, kilitumika kwa kazi gani, na stakabadhi ziko wapi. Aliyetoa mchango wa ujenzi wa darasa au zahanati atunze stakabadhi yake, kwani ndiyo inayomwezesha kulinganisha kile alichotoa na kile kinachosomwa. Swali lenye tarehe na kiasi hujibiwa kwa tarehe na kiasi. Lawama ya jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla.

Jambo la pili, na lenye uzito wa pekee, ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, lakini inaizuia kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Tuchukue mfano wa kampuni kutoka nje ya kijiji inayoomba eneo ambalo wakazi wamekuwa wakichungia mifugo na kuokota kuni. Maombi hupokelewa na Halmashauri, lakini bila idhini ya mkutano ugawaji hauwezi kufanyika. Iwapo wachache waliohudhuria wataridhia bila kuuliza mipaka, muda na masharti, waliobaki nyumbani watafungwa na uamuzi huo. Wengine hugundua siku wanapokuta alama za mipaka kwenye njia ya ng'ombe wao, na wakati huo kurekebisha mambo huwa kazi ya mabaraza na mahakama, yenye gharama na miaka.

Mkutano huohuo ndio unaoidhinisha majina ya wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe hao ni saba, na watatu kati yao ni wanawake. Wakazi wanaporidhia majina hayo bila kuyatafakari, wanakuwa wamechagua watu watakaosuluhisha migogoro ya mashamba yao bila kuwajua.

Jambo la tatu ni sheria ndogo za kijiji, kwa mfano zinazohusu usafi, uchungaji wa mifugo au hifadhi ya vyanzo vya maji. Mapendekezo ya sheria hizo hupelekwa kwanza mbele ya Mkutano wa Kijiji ili wakazi watoe maoni, kisha huwasilishwa Halmashauri ya Wilaya kwa ajili ya kuidhinishwa. Wakati wa kuhoji kiwango cha faini ni huo, kabla mwananchi hajaandikiwa faini yenyewe.

Jinsi ya kujiandaa

Mwananchi afuatilie mbao za matangazo na aulize ofisi ya kijiji tarehe na ajenda za mkutano mapema. Mwenye hoja kubwa asiisubirishe hadi kipengele cha mengineyo, wakati watu wameanza kuondoka. Aiwasilishe kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Afisa Mtendaji ili iingizwe kwenye ajenda. Inafaa pia kuzungumza na majirani kabla ya siku hiyo, kwa kuwa hoja inayoungwa mkono na kaya kumi husikika tofauti na malalamiko ya mtu mmoja.

Muda wa mkutano nao ni suala la kushauriana. Ukiitishwa saa ambazo akina mama wako kisimani au wafanyabiashara wako gulioni, sehemu ya kijiji itakuwa imeachwa nje. Wakazi wanaweza kuomba saa inayowafaa wengi.

Kabla ya kuagana, wajumbe wahakikishe maazimio yamesomwa na kuandikwa kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata huanza kwa kuupitia muhtasari huo, na hapo ndipo ahadi hufuatiliwa.

Iwapo mkutano hauitishwi

Endapo miezi mitatu itapita bila mkutano, wakazi wamwandikie barua Mwenyekiti wa Kijiji kupitia kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, wakitaja tarehe ya mkutano wa mwisho, na nakala waipeleke kwa Afisa Mtendaji wa Kata na kwa diwani. Hatua inayofuata ni kumwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. Ni vyema kubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Kwa taarifa ambazo mkutano haukuzipata, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016. Raia anaweza kuiomba taasisi ya umma taarifa iliyo mikononi mwake, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Asiporidhika, anaweza kuomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi huo.

Vikao vya Baraza la Madiwani navyo viko wazi kwa wananchi kuhudhuria na kusikiliza. Wanaotaka kufanya mkutano wa hadhara au maandamano ya amani wanatakiwa kutoa taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo husika angalau saa 48 kabla.

Kutoka kuuliza hadi kuongoza

Wapo watakaoona kwamba wamekwisha kujifunza vya kutosha na wako tayari kuongoza. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano, na wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Katika uchaguzi huo mgombea alitakiwa awe ametimiza miaka 21 na amedhaminiwa na chama cha siasa. Mpiga kura naye akumbuke kuwa orodha ya wapiga kura wa uchaguzi huu huandaliwa kwa kila kitongoji au mtaa, na ni tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mwenye kadi ya mpiga kura ambaye hakujiandikisha kwenye orodha ya kitongoji chake hawezi kupiga kura ya kumchagua mwenyekiti.

Wakazi wa mijini wana mikutano ya mitaa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, na mengi ya mashauri yaliyotolewa hapa yanawafaa pia. Hatua ya kwanza ni ileile kwa wote: kwenda ofisi ya kijiji au mtaa, kuuliza mkutano ujao ni lini, na kufika siku hiyo.