Rwanda, 2011: Nani Alistahili Chanjo?

Kila mwaka huwarejesha wanafunzi wangu kwenye mjadala wa 2011. Rwanda ilipoanza kuwachanja wasichana wa darasa la sita dhidi ya HPV, virusi visababishavyo saratani ya shingo ya kizazi, baadhi ya watafiti wa Ulaya waliandika katika jarida la Lancet kwamba yako maradhi mengine ya kutangulizwa, tena wakatilia shaka msaada wa kampuni ya Merck. Shaka hiyo naiheshimu. Dozi za bure hazidumu. Hoja ya kwanza siiheshimu. Waziri wa Afya, Agnes Binagwaho, na wenzake walijibu kuwa huo ni undumilakuwili, maana Ulaya ilikwisha kuwachanja mabinti zake.

Rwanda haikungoja. Wahudumu wa afya wa jamii waliwafuata hata wasichana wasiokuwa shuleni, na zaidi ya asilimia 90 ya waliolengwa wakamaliza dozi tatu. Mwaka 2021, utafiti wa England ulionyesha saratani hiyo imepungua kwa asilimia 87 miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13.

Tanzania ilianza nchi nzima mwaka 2018, Kenya 2019. Wasichana wetu wa 2011 walikwisha kupita umri wa kuchanjwa shuleni. Wao wamebakiwa na uchunguzi wa mapema, na zahanati nyingi za vijijini hazina hata huo.