Haba na Haba Isiyojaza Kibaba

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuzitolea insha: haba na haba hujaza kibaba, na mchumia juani hulia kivulini. Zote mbili zinatoa ahadi moja, kwamba jasho lina malipo, na kwamba kilichokusanywa leo kitamfaa mkusanyaji kesho. Nimeziweka mwanzoni mwa sura hii kwa sababu nakusudia kusimulia historia fupi ya ugomvi unaozihusu, ingawa wengi wa wagombanao hawakuwahi kuzisikia. Ni ugomvi wa wapenzi wa michezo ya kompyuta, hasa ile ya kupiga risasi na kukusanya ngawira, nao umedumu kwa zaidi ya miaka 10 huko Marekani, Ulaya na kwingineko.

Najua wapo wa rika langu watakaouliza: mzee aliyepita miaka 70 ana habari gani na michezo ya watoto? Kwanza, si ya watoto peke yao. Wamo humo watu wazima wenye kazi na familia. Pili, wajukuu zangu wanaicheza, na mtu hawezi kumshauri mjukuu juu ya jambo asilolijua. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, ndani ya ugomvi huo mna swali la kale la wanahistoria: mali ni ya nani, ya yule anayeitolea jasho au ya yule anayeshika daftari?

Tuanze na chimbuko. Mnamo mwaka 1980 vijana wa Chuo Kikuu cha California, Michael Toy na Glenn Wichman, walitunga mchezo ulioitwa Rogue. Mchezaji alishuka katika mapango yaliyochorwa kwa herufi tu, na kompyuta ilipanga vyumba na hazina upya kila safari. Watu wa kampuni ya Blizzard North, huko huko California, waliichukua mbegu hiyo wakatoa Diablo mwishoni mwa mwaka 1996, kisha Diablo II mwaka 2000. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Ukimwua zimwi, linaangusha kitu. Aghalabu ni takataka. Mara chache ni upanga mzuri kuliko ulio nao. Upanga huo unakuwezesha kuua zimwi kubwa zaidi, nalo huangusha kitu kingine.

Sisi tuliopitia vyuo vya ualimu tunaikumbuka kanuni hiyo kwa jina la mtu mwingine. Katika saikolojia ya elimu tulifundishwa habari za B. F. Skinner, Mmarekani aliyewaweka panya na njiwa ndani ya visanduku. Kitabu alichokitoa pamoja na Charles Ferster mwaka 1957 kilionyesha kwamba mnyama anayepata tuzo baada ya majaribio yasiyotabirika idadi yake hufanya kazi kwa kasi bila kupumzika, na huchelewa sana kukata tamaa tuzo zinapokoma. Walimu tulifundishwa hayo ili tujue namna ya kuwatia moyo wanafunzi. Wenye mashine za kamari walikuwa wakiyatumia bila kukaa darasani.

Hata hivyo, si haki kuwaona wachezaji kuwa ni njiwa. Wao wenyewe humtaja Skinner katika mabishano yao. Wanajua wanachofanyiwa, na wengi hukipenda, kama mvuvi anavyopenda kutojua wavu utaleta nini. Ugomvi ulianza pale masharti ya bahari yenyewe yalipobadilika.

Mwaka 2009 kampuni ya Gearbox ya Texas ilitoa Borderlands, mchezo uliounganisha ngawira za namna ya Diablo na upigaji risasi. Bunduki zilikuwa nyingi mno kwa kuwa kompyuta ilizitengeneza kwa kuchanganya vipande. Lakini mchezo ule uliununua mara moja, ukaucheza peke yako au na rafiki, ukaumaliza, ukauweka rafuni. Upande wa pili, World of Warcraft ya mwaka 2004 ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba mchezaji anaweza kulipa kila mwezi akaishi ndani ya mchezo kwa miaka. Haikuchukua muda kabla ya wenye mitaji kuuliza: kwa nini tuuze shamba mara moja, ilhali tunaweza kulikodisha daima?

Jibu lilikuja tarehe 9 Septemba 2014. Kampuni ya Bungie ya jimbo la Washington, iliyokwisha kujipatia sifa kwa mchezo wa Halo, ilitoa Destiny kwa ufadhili wa Activision. Activision ilitangaza kwamba mauzo kwa wenye maduka siku ya kwanza yalipita dola milioni 500. Mchezo ulihitaji intaneti wakati wote. Hadithi yake ilikwisha upesi, na hapo ndipo ulipoanza mchezo wenyewe: kurudia mapambano yale yale, siku baada ya siku, ili kupata silaha na mavazi ya kumwezesha mtu kuingia vita vikubwa vya watu sita. Kazi hiyo ya kurudia nitaiita sulubu, maana ndivyo ilivyo, hata kama anayeifanya anatabasamu.

Zilipita wiki chache tu wachezaji wakagundua pango. Katika eneo la mchezo linaloigiza magofu ya Urusi kulikuwa na tundu jeusi ambamo maadui walitoka bila kukoma. Wachezaji walijipanga mbali kidogo, wakafyatua risasi tundu hilo kwa saa nyingi, kisha wakakimbilia ndani kuzoa ngawira. Habari zilienea, na watu wasiojuana wakawa wanasimama safu moja, wengine wakicheza ngoma kusubiri zamu ya kuzoa. Tarehe 25 Septemba Bungie iliziba mianya hiyo, ikieleza kwamba kufyatulia tundu jeusi siyo namna waliyoota mchezo wao uchezwe.

Ningekuwa bado nafundisha historia, pango lile ningelitumia darasani. Wachezaji hawakuiba kitu. Walifanya kile ambacho wakulima na vibarua wamefanya kila mahali: walipoona ujira mdogo na kazi ndefu, walitafuta njia ya mkato. Mwenye shamba akaiziba. Kuanzia hapo kambi mbili zikajitokeza, na hazijapatana hadi leo.

Kambi ya kwanza husema subira huvuta heri. Silaha inayopatikana kwa urahisi haina thamani. Furaha ya kuipata inatokana na miezi ya kuikosa. Tena, wanasema, mchezo wa namna hii ni kama kijiji. Watu sita wanaokutana kila Jumanne kupambana na jitu lile lile hufahamiana, husaidiana, na wengine huwa marafiki wa kweli bila kuonana uso kwa uso. Kijiji hicho kina gharama: mitambo inahitaji umeme na mafundi, wachoraji na watunzi wanahitaji mishahara. Asiyetaka kulipa kodi ahame.

Kambi ya pili haikatai subira. Hoja yake ni kwamba sulubu imepimwa si kwa kipimo cha raha ya mchezaji bali kwa kipimo cha hesabu za mwenye mchezo, ambaye anataka watu wasiondoke kabla ya bidhaa nyingine kuwekwa sokoni. Nao hutoa mifano. Katika Destiny 2, iliyotoka Septemba 2017, mchezaji aliyefika kilele aliendelea kukusanya alama, na kila zilipotimia alipewa kifurushi cha mapambo ambacho pia kiliuzwa kwa fedha. Mwezi Novemba mwaka huo wachezaji walikaa na saa mkononi, wakaandika na kujumlisha. Wakagundua kwamba alama zilizoonyeshwa kwenye kioo zilizidi zile zilizotiwa katika hesabu yao. Bungie ilikiri, ikauondoa utaratibu huo. Lakini papo hapo alama zilizotakiwa kwa kila kifurushi zikawa zimepandishwa kutoka 80,000 hadi 160,000, na wachezaji wakaligundua hilo pia.

Msomaji mwenye umri wangu hatashangaa. Mizani ya mnunuzi wa mazao iliyochezewa ni habari ya zamani katika nchi nyingi. Jipya hapa ni kwamba waliopunjwa walikuwa wamelipa kwanza ili waruhusiwe kufanya kazi.

Jambo lililoumiza zaidi lilitokea tarehe 10 Novemba 2020. Bungie, iliyokuwa imeachana na Activision mwaka 2019, iliziondoa ndani ya Destiny 2 sayari na miezi kadhaa, pamoja na hadithi yote ya mwaka 2017 ambayo watu walikuwa wameinunua. Sababu zilizotolewa hazikuwa za kipuuzi: mchezo ulikuwa umevimba kupita gigabaiti 100, na kila walichoongeza kiliharibu kilichotangulia. Siku hiyo hiyo silaha nyingi za zamani ziliwekewa ukomo wa nguvu, zikabaki mapambo katika mapambano makubwa. Hapa pia palikuwa na hoja, kwamba bunduki ya kale ikibaki bora daima, hakuna atakayehangaikia mpya. Hata hivyo kelele zilikuwa kubwa, na Februari 2021 kampuni ikatangaza kwamba silaha nyingine hazitawekewa ukomo wa namna hiyo.

Mchumia juani alikuwa amefika kivulini akakuta mti umekatwa. Aliyecheza Diablo II mwaka 2000 anaweza kuwasha kompyuta yake ya zamani akaukuta upanga wake mahali alipouacha. Aliyecheza Destiny 2 mwaka 2017 aliondolewa hadithi aliyoinunua. Hata mwenye mchezo alikuja kuonja uchungu wa kufuta historia yake. Mwaka 2024 mwandishi mmoja aliishtaki Bungie katika mahakama ya Louisiana, akidai hadithi ile ya 2017 ilitokana na maandishi yake. Kampuni haikuweza kuuweka mchezo wenyewe mbele ya mahakama; ikapeleka video za YouTube na kurasa zilizoandikwa na mashabiki. Mei 2025 hakimu alikataa kuzizingatia na kukataa ombi la kuitupa kesi. Mtu aliyechoma daftari zake akalazimika kuazima kumbukumbu za wapita njia.

Kambi ya kwanza iliposema asiyetaka kodi ahame, haikueleza itakuwaje kijiji chenyewe kikihamishwa. Anthem ya kampuni ya Bioware, iliyotolewa Februari 2019, iliahidiwa kukua kwa miaka mingi. Februari 2021 mpango wa kuifufua ulifutwa, na Julai 2025 mmiliki wake, Electronic Arts, alitangaza kwamba mitambo yake itazimwa tarehe 12 Januari 2026. Ubisoft ilipouzima mchezo wa magari uitwao The Crew mwezi Machi 2024, Ross Scott alianzisha vuguvugu la kuwataka watengenezaji wasiue michezo waliyokwisha kuiuza. Kufikia Julai 2025 ombi lililopelekwa kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa na saini zaidi ya 1,000,000.

Wala wafanyakazi hawakusalimika. Sony iliinunua Bungie mwaka 2022 kwa dola bilioni 3.6. Nyongeza iliyohitimisha hadithi ya miaka 10 ilitoka Juni 2024 na kupokelewa kwa sifa. Mwisho wa Julai mwaka huo huo watu 220 waliachishwa kazi. Kwa hiyo anayedai kwamba sulubu ya wachezaji inalinda ajira za mafundi anatakiwa kuieleza Julai hiyo.

Sasa nitoe rai yangu. Sioni ubaya wa kazi ya kurudia. Tulifundisha hesabu za kuzidisha kwa kurudia, na mchezaji wa bao hupanda kete maelfu ya mara kabla ya kuitwa fundi. Lakini alichokipata fundi wa bao kimekaa kichwani mwake. Ubao ukipasuka, atachonga mwingine, au atachimba vishimo mchangani. Mchezaji wa Destiny naye anabakiwa na kitu cha namna hiyo, yaani wepesi wa mkono na marafiki, na mimi sitamdharau kwa hilo. Kisichobaki ni ngawira, ambayo ndiyo aliyoambiwa kwamba anaifanyia kazi.

Kwa wajukuu sikutoa amri. Niliwapa maswali matatu, ambayo nadhani yanafaa hata nje ya michezo. Unachokusanya kikichukuliwa kesho, je, utakuwa umefurahia leo? Nani anayehesabu, na wewe unaruhusiwa kuiona hesabu? Na siku mwenyewe atakapofunga mlango, utatoka na nini mkononi? Mjukuu wa kwanza aliacha. Wa pili bado anacheza kila Jumanne na wenzake watano, na ameniambia kwamba bunduki ameacha kuzihesabu. Sijaona sababu ya kumkataza.