Lis Hartel, Mpanda Farasi wa Denmark

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mtu aweza kuishi hata uzeeni asimwone farasi. Hiyo ni nchi ya ng'ombe. Na katika vichaka vya Biharamulo yumo ndorobo, mdudu aenezaye nagana, ugonjwa ambao farasi hawezi kuustahimili. Tangu zamani misafara ya bara ilikwenda kwa miguu, mizigo ikichukuliwa na wapagazi. Kisha sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi wa Afrika ya Mashariki, malisho yakawa vichaka, na ndorobo akazidi kuenea. Hivyo ugonjwa ulimzuia farasi. Habari za Lis Hartel zaonyesha upande wa pili: kwao Denmark farasi walikuwapo tele, bali ugonjwa ulimshika mpandaji.

Alizaliwa mwaka 1921 huko Hellerup, karibu na Copenhagen. Alijifunza tangu utotoni dresaji, yaani sanaa ya kumwongoza farasi kwa ishara ndogo, hata mtazamaji adhani kwamba mnyama aenda kwa hiari yake mwenyewe. Mwaka 1943 na 1944 alikuwa bingwa wa Denmark. Mwezi wa Septemba 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na mja mzito wa mtoto wake wa pili, alipatwa na polio. Mtoto alizaliwa salama. Lakini mama hakupata tena nguvu za miguu chini ya magoti, na mikono yake pia ilidhoofika.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Katika dresaji mguu ndio ulimi wa mpandaji: kwa kumgusa farasi ubavuni humwambia aende, ageuke au abadili hatua. Lis Hartel alilazimika kutafuta lugha nyingine. Alijifunza kusema na farasi kwa uzito wa mwili, kwa mgongo na kwa kiuno. Na farasi wake jike, Jubilee, akajifunza kuisikia lugha hiyo. Kupanda na kushuka alisaidiwa na watu. Akiisha kukaa juu ya matandiko hakuhitaji msaada.

Wahenga husema, penye nia pana njia. Lakini nia peke yake isingemfikisha kwenye Michezo ya Olimpiki, kwa kuwa mpaka mwaka 1948 dresaji ya Olimpiki ilikuwa ya maafisa wa jeshi tu. Katika michezo ya mwaka huo Sweden ilishinda, kisha ikanyang'anywa ushindi kwa sababu Gehnäll Persson, mmoja wa wapandaji wake, hakuwa afisa wa kweli. Sheria ilibadilishwa, na mwaka 1952 huko Helsinki wanawake na raia wakaruhusiwa kushindana na maafisa.

Wanawake wanne waliingia. Lis Hartel alipata alama 541.5, nusu alama tu mbele ya André Jousseaume wa Ufaransa, akatwaa nishani ya fedha nyuma ya Henri Saint Cyr wa Sweden. Saint Cyr mwenyewe alimsaidia kufika jukwaani. Mwaka 1956 huko Stockholm wawili hao walishika tena nafasi zile zile. Mwanamke wa kwanza kupata dhahabu ya mtu mmoja katika dresaji, Liselott Linsenhoff wa Ujerumani ya Magharibi, alikuja mwaka 1972.

Lis Hartel alifariki mwaka 2009. Mfano wake uliwatia wengi moyo kuutumia upandaji wa farasi katika kuwatibu watu waliopooza. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeepukana na virusi vya asili vya polio. Lakini waliopooza kabla ya hapo wangali wanaishi mijini na vijijini. Kwao fundisho la Helsinki halihusu ushujaa tu. Nguvu alikuwa nazo Lis Hartel kabla ya mwaka 1952; kilichokosekana ni mlango, na mlango ule ulifungwa na watu, si na ugonjwa.