Mkulima Asiye na Jembe

Historia ya nchi yetu tumezoea kuisoma kwa majina ya watawala, vita, mikataba na reli. Ni mara chache tunapoulizana msitu nao ulitoka wapi. Tunauona umesimama, tukadhani ulikuwa hivyo tangu dunia ilipoumbwa. Kumbe msitu nao una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa midomo: nani alikula tunda gani, na kokwa akaiangusha wapi.

Mti hauna miguu. Ukiyaangusha matunda yake yote chini ya kivuli chake, miche itasongamana na kugombea mwanga na mama yao, na panya na wadudu wataikuta yote mahali pamoja. Kwa hiyo mti hulipa nauli. Huizungushia mbegu yake nyama tamu, huitia rangi inapoiva, kisha humngoja msafiri. Katika misitu ya nchi za joto, miti iliyo mingi huishi kwa mapatano ya namna hii na ndege, popo, kima, sokwe au tembo. Hakuna anayemfanyia mwenziwe hisani. Kila mmoja hutafuta lake, na msitu huota katikati yao.

Mimi ni mtu wa Tanga, na katika milima yetu ya Usambara Mashariki msafiri mashuhuri kuliko wote ni hondohondo: yule mweusi mkubwa mwenye mashavu ya rangi ya fedha na pembe juu ya mdomo, ambaye mbawa zake husikika zikivuma kabla hujamwona. Wakati wa kuzaa, jike huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango ukazibwa kwa udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Humo hutaga na kulea, na dume ndiye anayewalisha. Dume mmoja alikadiriwa kupeleka matunda 24,000 katika safari 1,600 kwa muda wa siku 120. Nyama ya tunda huyeyuka tumboni. Kokwa hutapikwa nzima, aghalabu mbali na mti ulioizaa.

Ndege hawa walichunguzwa kwa makini pale Amani na Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika mwaka 1928 kufanya kazi ya ofisi na maktaba katika kituo cha utafiti wa kilimo. Mkewe Winifred alimsaidia, na pia Salimu Asmani, Mwafrika aliyefanya naye kazi ya ndege kwa muda mrefu. Jina la Moreau limebaki katika majina ya kisayansi ya ndege. La Salimu Asmani halina budi kutajwa nasi, maana macho yaliyokesha msituni hayakuwa ya Mzungu peke yake.

Amani yenyewe ilikuwa imeanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, iwe mahali pa kujaribia mimea ya kila namna: ya mbao, ya dawa, ya mpira, ya matunda. Miti ililetwa kutoka pande nyingi za dunia. Mmoja uliofika mwaka 1913 haukutoka mbali sana. Wataalamu huuita *Maesopsis eminii*, kwa kumkumbuka Emin Pasha. Waganda huuita musizi, nami nitauita msizi. Kwao ni Afrika Magharibi hadi Uganda na ng'ambo ya Ziwa Viktoria, upande wa Kagera. Hukua upesi, hunyooka, na mbao zake zinafaa. Katika miaka ya 1960 na 1970 ulipandwa kwa wingi zaidi Usambara, palipokuwa pamekatwa miti ya asili.

Aliyeupanda alidhani utakaa alipouweka. Hakumwuliza hondohondo.

Tunda la msizi ni jeusi la zambarau likiiva, na kimo chake kinamtosha ndege yule kulimeza mara moja. Hondohondo hakujua kwamba mti ule ni mgeni. Aliona tunda, akala, akaruka juu ya bonde, akatapika kokwa mahali ambapo hakuna mtu aliyepanga ziote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 na Norbert Cordeiro na wenzake ulithibitisha kuwa katika kuueneza mti huu hondohondo amewapita kima kwa mbali. Kufikia miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wamekwisha kupaza sauti kwamba msizi unauingilia msitu wa asili, wenye mimea isiyoonekana popote pengine duniani.

Je, tumlaumu ndege? La hasha. Msizi ni mti unaopenda mwanga. Chini ya kivuli kizito hauendelei vizuri. Kwao, katika msitu wa Budongo nchini Uganda, W. J. Eggeling alieleza mwaka 1947 jinsi unavyotangulia kuota penye uwazi, kisha ukaipisha mikangazi na miti mingine, na mwisho ikatawala miti migumu ya *Cynometra*. Kule ni mtangulizi anayejua kuondoka. Kwetu ulikuta milango imefunguliwa, kwa kuwa kwa miaka mingi magogo yalikuwa yakivunwa kwa mashine, hata ukataji huo wa kibiashara uliposimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hondohondo alileta mbegu, lakini mwanga uliletwa na msumeno. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikaribishwa katika nyumba iliyoezuliwa paa.

Liko jambo jingine linalonihuzunisha zaidi, kwa sababu halina kelele za mbawa. Msitu wa Usambara Mashariki umekatwa vipande, na kati ya vipande hivyo pana mashamba ya chai. Kwa hondohondo shamba la chai si kitu. Hulivuka kwa dakika chache. Lakini wako ndege wadogo wa kivulini ambao hawapendi kutoka mwangani. Kwao chai ni bahari. Mwaka 2003 Cordeiro na Henry Howe walitoa taarifa juu ya mti mdogo uitwao *Leptonychia usambarensis*, ambao mbegu zake huchukuliwa na ndege wa namna hiyo. Katika vipande vidogo vya msitu, ndege hao walikuwa wachache, mbegu nyingi zaidi zilibaki chini ya mama yao, na miche michanga ilipungua. Mti mkubwa bado umesimama, unazaa, unaiva. Mpita njia atasema ni mzima. Lakini nauli iko mkononi na msafiri haji.

Kwa hiyo chai imekuwa chujio. Mbegu za anayeruka mbali zinapita. Za anayeogopa jua zinabaki.

Dawa iliyofikiriwa ni kuunganisha vipande hivyo kwa njia za miti. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, hekta 8,380. Ili kuiunganisha na misitu mingine, sehemu iitwayo Derema ilitakiwa iachwe. Wakulima zaidi ya elfu moja walikuwa na mashamba yao ya iliki humo, chini ya kivuli cha miti. Katika miaka ya 2000 waliyapoteza na kulipwa fidia, baada ya kucheleweshwa na kulalamika kwingi. Nikiwaza habari hii siwezi kufurahi moja kwa moja. Ndege mdogo amepata njia, na iliki ndiyo iliyolipa. Chai, iliyoukata msitu vipande, haikuhama.

Tusemapo kuokoa msitu, tuhesabu wote walio katika mapatano yale ya zamani: mti, mla tunda, na binadamu anayeishi kando yao. Kuzungushia miti mipaka hakutoshi ikiwa wachukuzi wake wameondoka, wala si haki ikiwa gharama yote inamwangukia mwenye shamba dogo. Hondohondo ataendelea kulima bila jembe, apande cha asili au cha kigeni, kwa kadiri atakavyokikuta. Kitakachokuwamo mdomoni mwake miaka mia ijayo kinategemea sana tunachopanda sasa, tunachokata, na tunayemdai alipe.