Uzi wa kroshia usiotokana na wanyama: Mambo ya kuzingatia

WASHONAJI wengi wa kroshia mjini Juja huuita kila uzi mnene 'sufu', hata ule ambao haujawahi kumkaribia kondoo. Uzi mwingi wa bei nafuu unaouzwa katika maduka ya Juja, Ruiru na Thika ni akriliki, inayotengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ghafi.

Kwa hivyo, anayeepuka sufu ya kondoo, moheri ya mbuzi na hariri ya viwavi huenda tayari anatumia uzi usiotokana na mnyama. Tatizo ni mazingira. Akriliki ni plastiki. Kila inapofuliwa hupukutisha nyuzi ndogo mno ambazo hufuata majitaka hadi mitoni, na haziozi.

Kibandiko kikikosekana, choma kipande kifupi juu ya sahani, ukikishika kwa koleo. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua na huzimika upesi. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Akriliki huyeyuka na kuganda kama shanga nyeusi. Uzi wa mchanganyiko huchanganya dalili hizo, na hapo jaribio halitegemeki sana.

Pamba ndiyo mbadala ulio rahisi kupatikana. Nchini Kenya zao hilo hulimwa hasa na wakulima wadogo wanaotegemea mvua, ijapokuwa mavuno yalididimia tangu miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa na mitumba kufurika. Uzi wake ni mzito, haunyumbuki kama sufu, na huchosha vidole. Kwa sweta la mtoto msimu wa baridi ya Julai, pamba pekee haitoshi; kwa vitambaa vya makochi, blauzi na mikoba, inafaa kabisa. Mikoba yenyewe ina wateja tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017.

Katani, inayojulikana sana na wasusi wa viondo, hufaa vikapu na mikeka midogo. Isiguse ngozi, kwani hukwaruza.

Jihadhari na uzi wa 'mianzi' unaosifiwa kuwa wa kiasili. Aghalabu ni viskosi, ambayo mbao zake huyeyushwa kwa kemikali kali, ikiwemo salfidi ya kaboni inayodhuru wafanyakazi wa viwandani. Laiyoseli ni afadhali, kwa kuwa kiyeyushi chake hukusanywa na kutumiwa tena.

Njia inayogharimu kidogo zaidi ni kufumua sweta la pamba la mitumba. Kagua mishono ya ubavuni kwanza: ikiwa kingo zimekatwa kwa mashine, uzi utatoka vipande vipande. Ikiwa kingo ni nzima, fumua kuanzia shingoni, zungushia uzi mgongoni mwa kiti, ufue, kisha uutundike ukiwa na kizito kidogo ili unyooke.