Kidonda Kisichotoka Damu: Historia ya Ugonjwa wa Mshtuko wa Vita



Leo tunazungumza juu ya ugonjwa unaoonekana katika vijiji vyetu vingi, ijapokuwa wengi hawajui jina lake. Unamwona kijana aliyerudi kutoka vitani. Mlango ukigongwa, anaruka. Usiku anapiga kelele. Ao unamwona mama aliyetendewa mabaya njiani akienda shambani. Hataki tena kupita njia ile, hata kama njaa iko nyumbani. Majirani wanasema: amelogwa, ameingiwa na pepo, ao ni mwoga tu. Je, ni kweli? Tuulize historia, sababu mataifa mengine pia yalisema hivyo zamani, kisha yakajuta.

Katika vita vya 1914 mpaka 1918, askari wengi wa Ulaya walitolewa mahandakini wakitetemeka. Wengine hawakuona, wengine hawakusema, na mwilini hawakuwa na kidonda. Mwaka 1915 mganga Mwingereza, Charles Myers, aliandika juu ya askari watatu wa namna hiyo. Watu wakauita ugonjwa huo mshtuko wa makombora. Walifikiri mlipuko ndio uliotikisa ubongo. Lakini baadaye walionekana wagonjwa ambao kombora halikuwakaribia hata kidogo. Basi ikajulikana kwamba hofu yenyewe inaweza kumjeruhi mtu.

Lakini si wakubwa wote wa jeshi waliokubali. Sikia habari ya Harry Farr, askari Mwingereza. Mwaka 1915 alilazwa hospitalini miezi mitano kwa ugonjwa huo. Mwaka 1916 alirudishwa vitani, akasema hawezi tena. Kesi yake ilikwisha kwa dakika 20 hivi, bila mtu wa kumtetea. Mwezi wa 10 alipigwa risasi na jeshi lake mwenyewe kama mwoga, naye alikuwa na miaka 25. Mjane wake akanyimwa pensheni. Ilipofika mwaka 2006 ndipo serikali ya Uingereza ilimsamehe yeye na wenzake zaidi ya 300 waliouawa kwa makosa kama hayo. Miaka 90 ilikuwa imepita.

Mwaka huo huo wa 1916, askari wa Force Publique waliondoka Kivu, wakapita Rwanda na Burundi, wakaingia Tabora mwezi wa 9. Pamoja nao walitembea maelfu ya wapagazi, na wengi walikufa njiani. Ushindi wa Tabora umeandikwa vitabuni. Lakini mababu zetu waliporudi nyumbani, nani aliwauliza kama wanapata usingizi?

Kulikuwa na waganga waliotafuta njia nyingine. Huko Scotland, katika hospitali ya Craiglockhart, mganga W. H. R. Rivers aliketi na askari wagonjwa na kuwasikiliza. Mwaka 1918 aliandika kwamba kumwambia mgonjwa asahau kunaweza kumzidishia ugonjwa. Kile anachokisukuma mchana kinamrudia usiku.

Kisha vita vya Vietnam. Askari Wamarekani waliorudi walikusanyika wakaanza kusimuliana yaliyowapata. Wakati ule ule, mwaka 1974, watafiti wawili wanawake wa Boston, Ann Burgess na Lynda Holmstrom, walieleza kwamba wanawake waliobakwa wanapata mateso yanayofanana: ndoto mbaya, hofu, kukimbia kila kinachokumbusha. Mwaka 1980 waganga wa akili wa Marekani waliuandika ugonjwa huu katika kitabu chao, pamoja na jina lake: mfadhaiko unaofuata tukio la kutisha. Tangu hapo ukajulikana kuwa ugonjwa wa mtu ye yote aliyepatwa na jambo la kutisha mno, askari ao raia.

Basi unatambuliwaje? Shirika la Afya Duniani linataja alama tatu. Ya kwanza, tukio linarudi kana kwamba linatendeka sasa, kwa ndoto ao kwa picha kichwani. Ya pili, mtu anakwepa mahali, watu na maneno yanayolikumbusha. Ya tatu, anaishi kama mtu aliye hatarini, anashtuka kwa kitu kidogo. Zote tatu zikikaa majuma kadhaa na kumzuia kazi ao maisha ya nyumbani, apelekwe kwa mganga. Lakini si kila aliyeona mabaya anaugua. Wengi hupona wakizungukwa na watu wao.

Je, dawa iko? Iko, na ushahidi mmoja umetoka kwetu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika vijiji vya mashariki ya Kongo, na wanawake waliotendewa ubakaji. Wasaidizi Wakongo wasiokuwa madaktari walifundishwa, kisha wakakutana na wanawake hao mara 12, mara nyingi wakiwa kikundi. Waliwasaidia kuchunguza mawazo yanayowatesa, kama lile la kusema: «Kosa ni langu.» Miezi sita baada ya matunzo, katika vikundi hivyo 9 kwa 100 tu walionekana bado na huzuni kuu ao wasiwasi mkubwa. Kwa wale waliopata msaada wa kawaida, walikuwa 42 kwa 100. Na kwa ugonjwa huu wa mshtuko matokeo yalifanana na hayo. Haya yalifanyika huku vita havijaisha.

Sasa wewe ufanye nini? Usimwite mtu mwoga. Usimlazimishe kusimulia, lakini akitaka kusema, msikilize mpaka mwisho, na siri yake uitunze. Pombe haiponyi, na vidonge vya usingizi visitolewe ovyo baada ya tukio. Shefu wa kijiji, mchungaji, mwalimu, mjue kituo cha afya kinachotoa msaada huu, mkamsindikize mgonjwa. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake, apelekwe siku hiyo hiyo.

Tunatafuta amani kati ya makabila, na hilo ni jema. Lakini mtu asiyelala usiku, akikaa kikaoni mchana, kila neno la jirani analisikia kama tisho. Tukimtunza huyo, tunatengeneza amani pia. Harry Farr alingoja miaka 90. Jirani yako asingoje.